Taka hatarishi za kliniki ya meno: mwongozo kwa mwenye kliniki na kwa afisa wa halmashauri anayemkagua

Kliniki ya meno yenye kiti kimoja haitoi moshi, haina harufu ya kukera majirani, na taka zake za siku nzima zinaenea kwenye ndoo mbili. Ndiyo maana ikifika zamu ya ukaguzi, mara nyingi afisa afya anatazama choo, sehemu ya kunawia mikono, ndoo za rangi na sefti boksi (boksi la ncha kali), anasaini kitabu na kuondoka. Mabaya zaidi yanabaki palepale: zebaki ya amalgamu (mchanganyiko wa metali wa kujazia meno), fedha iliyoyeyuka kwenye fiksa ya eksirei (dawa ya kusafishia filamu), na karatasi za risasi zinazokuwa ndani ya pakiti za filamu.

Metali hizi tatu hazina rangi ya ndoo. Nyeusi au bluu ni ya taka za kawaida, njano ni ya taka zenye maambukizi, nyekundu ni ya zile zenye maambukizi makali. Ukiitupa metali kwenye ndoo ya njano umeipeleka motoni. Ukiimwaga kwenye sinki umeipeleka kwenye septiki. Ikishafika huko hakuna wa kuirudisha, kwa hiyo kazi yote ya maana hufanyika ndani ya chumba cha matibabu, kabla ya bomba na kabla ya mfuko kufungwa.

Nani ana mamlaka gani

Mfano wetu ni Tanzania Bara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaipa halmashauri wajibu wa taka katika eneo lake na inataka iwe na afisa mazingira. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 ndiyo anayoitegemea afisa afya anapoingia kukagua na kutoa notisi. Taka hatarishi zenyewe zinasimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC): kwa Kanuni za Taka Hatarishi za 2021, anayezikusanya, kuzisafirisha, kuzihifadhi au kuziteketeza lazima awe na kibali. Mashine ya eksirei iko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na dawa zilizoisha muda zinateketezwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Halmashauri haitoi kibali cha taka hatarishi, lakini ndiyo yenye watu wanaoweza kufika kwenye kliniki kila robo mwaka kwa miguu au kwa bodaboda. NEMC haiwezi kufanya hivyo kwa kila kiti cha meno nchini.

Juu ya sheria za ndani kuna Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika Agosti 2017 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2022 kwamba waganga wa meno wasitumie tena zebaki ya chupa, isiyo kwenye kapsuli, na kwamba amalgamu isitumike kwenye meno ya utoto, kwa walio chini ya miaka 15, na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima kwa mgonjwa husika. Novemba 2025 mjini Geneva zikaweka ukomo wa matumizi ya amalgamu kuwa 2034. Hilo lisimfanye mtu afikiri tatizo linajimaliza lenyewe. Vinywa vya watu wazima vimejaa amalgamu ya miaka ishirini, thelathini iliyopita, na kila ujazo unapotobolewa au jino linapong'olewa, zebaki hiyo inarudi kliniki ikiwa taka.

Amalgamu: pa kuikamata

Karibu nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki. Nusu nyingine ni unga wa fedha, bati na shaba. Ikishakaza imetulia, mpaka ipate joto au kemikali inayoichokoza. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Sentigredi, na kichomea taka kinachofanya kazi sawasawa kinapita nyuzi 800. Amalgamu iliyoingia kwenye mfuko wa njano inatoka kupitia dohani, na anayeivuta kwanza ni mchomaji taka aliyesimama pale na koleo. Otoklevu, chombo kinachoua vijidudu kwa mvuke wa moto, haifiki joto hilo, lakini nayo hutoa mvuke wa zebaki ndani ya chumba kilichofungwa. Jino lenye amalgamu halipikwi wala halichomwi.

Andaa mitungi miwili ya plastiki nzito yenye mdomo mpana na mfuniko wa kuzungusha. Lita moja moja inatosha kwa kliniki ndogo.

Mtungi wa kwanza ni wa amalgamu ambayo haijagusa mdomo: mabaki yaliyobaki kwenye kikombe baada ya kujaza jino, pamoja na kapsuli tupu, yaani vichupa vidogo vya plastiki ambamo zebaki na unga hukorogwa. Kapsuli tupu si tupu kweli, kwani ndani yake hubaki vitone vya zebaki, na ndizo zinazoonekana mara nyingi zaidi kwenye ndoo za kawaida. Mtungi wa pili ni wa iliyogusa mdomo: vipande vya ujazo wa zamani, meno yaliyong'olewa yakiwa na amalgamu, na vyote vilivyokamatwa na vichujio. Huu uhesabu kuwa na maambukizi pia, na ushikwe kwa glavu kila mara.

Kwenye kila mtungi bandika karatasi yenye maneno haya, kwa herufi zinazosomeka kutoka mlangoni:

TAKA ZA AMALGAMU – ZINA ZEBAKI. USICHOME. USIMWAGE. Jina la kliniki. Tarehe ya kuanza kujaza.

Usiongeze maji wala fiksa juu ya amalgamu. Zamani ilifundishwa hivyo ili kuzuia mvuke, na wapo waliosoma wakati huo ambao bado wanaendelea. Kinachotokea ni kwamba kimiminika chenyewe kinapata zebaki, nawe unabaki na lita nzima ya taka hatarishi badala ya gramu mia. Mfuniko uliokaza vizuri, kabati lenye kufuli, mahali pasipopigwa na jua na mbali na otoklevu: hivyo vinatosha. Chini ya mitungi weka sinia ya plastiki yenye kingo, ili ukipasuka usimwagikie kwenye mbao.

Kichujio cha kitini

Kila kiti chenye mashine ya kufyonza kina kichujio kidogo ambacho mpira wa kufyonzea unapitia. Matundu yake ni takriban milimita 0.7, kwa hiyo kinashika vipande vikubwa na kuacha unga upite. Makosa karibu yote ya zebaki kwenye kliniki hufanyika hapa, kwa sababu anayekisafisha ni mhudumu wa usafi ambaye hajaambiwa kilicho ndani. Anakifungua, anakigonga kwenye sinki, anafungulia maji, anakirudisha king'aavu. Anastahili sifa kwa usafi, na zebaki yote imekwenda.

Kifanyie hivi, mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, kikiwa kimekauka usiku kucha:

1. Zima mashine ya kufyonza. Vaa glavu nene, miwani na barakoa. Barakoa ya kawaida inazuia majimaji yanayoruka, haizuii mvuke wa zebaki, basi fungua madirisha.
2. Weka sinia chini ya kichujio kabla ya kukifungua.
3. Kama ni cha kutumia mara moja, kitoe kizima na ukiweke kwenye mtungi wa pili. Hiki ndicho tunachopendekeza.
4. Kama ni cha kurudia, kiguse-guse taratibu juu ya mdomo wa mtungi mpaka vilivyomo vidondoke. Vilivyoganda vitoe kwa kijiti, nacho kijiti kiingie mtungini. Usikisuuze kwenye sinki lolote.
5. Andika tarehe na jina lako kwenye daftari.

Mashine kubwa za kufyonza huwa na kichujio cha pili karibu na pampu. Hicho fuata muda uliotajwa na mtengenezaji, na ukibadilishe kizima na majimaji yake bila kuyamwaga.

Jik haipiti kwenye mpira wa kufyonzea

Jik ya asilimia 3.5 ukichanganya sehemu moja kwa sehemu sita za maji unapata klorini ya asilimia 0.5, na hiyo ndiyo dawa ya kila siku ya sakafu, meza na damu iliyomwagika. Kwa sababu ipo ndoo nzima chini ya sinki, kliniki nyingi huipitisha pia kwenye mipira ya kufyonzea jioni. Klorini inaoksidisha. Inaishambulia amalgamu iliyoshikwa kwenye vichujio na kuitoa zebaki ikiwa imeyeyuka majini, hali ambayo hakuna kichujio kitakachoizuia. Kazi ya wiki nzima inaharibiwa kwa dakika tano, na yule afisa anayesikia harufu ya Jik anaweza hata kupongeza.

Peroksaidi na dawa zenye iodini zinafanya vivyo hivyo. Kwa mipira tumia dawa isiyooksidisha yenye pH (kipimo cha uasidi) kati ya 6 na 8. Kama kibandiko cha chupa hakisemi, kipande cha karatasi ya kupima pH kitasema.

Kitenganishi cha amalgamu

Unga mwembamba unaopita kwenye vichujio unakamatwa na kitenganishi, chombo kinachofungwa kati ya mashine ya kufyonza na bomba la kutolea maji. Aina iliyo rahisi kutunza haina mota: maji yanatulia ndani yake, unga unazama, maji ya juu yanatoka. Kigezo cha kimataifa ni ISO 11143, kinachotaka angalau asilimia 95 ya amalgamu inaswe. Dai cheti chenye namba hiyo, na usinunue kwa maneno ya muuzaji. Kati ya 2012 na 2014 ulikuwapo mradi wa kupunguza amalgamu Afrika Mashariki uliozihusisha Kenya, Tanzania na Uganda, na vitenganishi vilijaribiwa katika baadhi ya kliniki, kwa hiyo teknolojia hii si ngeni kwetu.

Kabla ya kununua, fuatilia bomba kwa macho. Kliniki nyingi hazina mashine kuu ya kufyonza. Mgonjwa anatema kwenye beseni, na beseni lina bomba lake linalokwenda moja kwa moja kwenye septiki. Kitenganishi kilichofungwa kwenye mashine ya kufyonza pekee hakioni chochote kinachotemwa. Mwambie fundi aunganishe bomba la beseni lipitie kwenye kitenganishi, na kama aina uliyonayo haikubali hivyo, weka chujio la waya laini kwenye tundu la beseni na mtungi wa kutulizia chini yake, na usijidanganye kwamba mtungi huo unafikia asilimia 95.

Kikague kila wiki. Kibadilishe kikijaa kufikia alama ya mtengenezaji au kikitimiza mwaka mmoja, kipi kitangulie. Kikijaa maji hayasimami. Yanapita juu yakiwa na unga wake, bila dalili yoyote. Mtu anayengoja mashine ianze kunguruma atangoja sana. Kikiharibika kitengenezwe ndani ya siku 10 za kazi, na hadi hapo amalgamu isitobolewe.

Fiksa, risasi na dawa za chumbani

Kliniki iliyohamia eksirei ya kidijitali iruke aya mbili zinazofuata.

Fiksa iliyotumika ina gramu kadhaa za fedha kwa kila lita. Iweke kwenye dumu lake, na developa, dawa inayotokeza picha kwenye filamu, kwenye dumu jingine. Usichanganye: developa ni ya alkali, na ikikutana na fiksa hutoa gesi ya amonia kwenye chumba cha giza chenye dirisha dogo au kisicho na dirisha. Kuna vichujio vya nyuzi za chuma ambavyo hubakiza fedha na kuachia chuma majini. Vikitumika viwe viwili vikifuatana, na cha kwanza kipimwe kila wiki. Kipimo rahisi ni kipande cha shaba kilichosuguliwa kikang'aa: kichovye kwenye maji yanayotoka, na kikivaa utando wa kijivu, fedha inapita na kichujio kimechoka. Kama huna muda wa kupima, kusanya fiksa yote umkabidhi mkusanyaji mwenye kibali.

Karatasi za risasi zivuliwe kutoka kwenye pakiti za filamu na ziwekwe kwenye mtungi mkavu. Aproni ya risasi iliyopasuka iingie kwenye orodha hiyohiyo. Usimpe mnunua vyuma chakavu, hata akilipa. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama ilitoa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 kwa madhara ya risasi waliyoyapata. Gramu za kliniki ni chache, lakini jiko la kuyeyushia halibagui.

Sindano, nyembe, faili za kusafishia mzizi wa jino, bero (keekee ndogo za kutobolea) na waya za meno ziende kwenye sefti boksi, ifungwe ikifika robo tatu. Katriji ya ganzi iliyopasuka nayo ni ncha kali. Yenye dawa iliyobaki usiimimine sinkini kwanza, itupe ilivyo. Formokresoli (dawa ya ndani ya jino), glutaraldehaidi (dawa ya kutakasia vifaa) iliyoisha muda na ganzi zilizopitwa na wakati zibaki kwenye chupa zake za asili, ziorodheshwe, na zitolewe kwa utaratibu wa dawa na kemikali. Kumwaga formokresoli chooni ni kuua bakteria wanaoifanyia septiki kazi.

Zebaki ikimwagika

Kapsuli ikipasuka, au kipima presha cha zamani kikianguka (kimoja huweza kuwa na gramu 80 hadi 100), wasogeze watu, funga mlango wa ndani, fungua madirisha ya nje, zima feni na kiyoyozi. Vua saa na pete za dhahabu, kwani zebaki huila dhahabu. Kusanya vitone kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, kutoka pembeni kuelekea katikati, uvivute kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vidogo vishike kwa utepe wa gundi. Mulika tochi ikiwa imelala sakafuni, vilivyobaki vitang'aa. Kwenye nyufa nyunyiza unga wa salfa, uache, kisha ufagie kwa karatasi. Vyote, pamoja na glavu, viingie kwenye mtungi.

Usitumie ufagio, maana unagawanya kitone kimoja kuwa mia. Usitumie mashine ya kufyonzea vumbi, maana inakipasha moto na kukipuliza. Usimwage Jik wala maji. Ikimwagika zaidi ya kile kinachokuwa kwenye kipimajoto kimoja, kama ile ya kipima presha, usiikusanye mwenyewe: funga chumba na umpigie afisa afya.

Ukaguzi: anza nyuma ya jengo

Afisa anayeanzia mezani kwa daktari ataonyeshwa faili. Anza uani. Nenda watu wawili, afisa afya na afisa mazingira, na ikiwezekana daktari wa meno wa halmashauri awe wa tatu, kwa sababu yeye anajua kiti.

Uani tazama bomba linatoka wapi na linaingia wapi. Uliza septiki ilinyonywa lini na gari la nani. Swali hili lina uzito: gari hilo humwaga kwenye mabwawa ya majitaka, na mabwawa yana mahali yanapotokea; ya Vingunguti, Dar es Salaam, hutiririkia mto Msimbazi. Pitia shimo la majivu la kichomea taka. Kapsuli za amalgamu ni za plastiki na huungua, lakini mifuniko ya rangi huwa inadondoka njiani kati ya ndoo na tanuri, na ukiiona hapo huna haja ya kuuliza.

Kisha zungumza na mhudumu wa usafi, peke yake. Mwombe akuonyeshe jinsi anavyosafisha kichujio cha kitini. Usimwulize kama anajua, mwambie afanye. Mikono yake itakupa jibu la ukaguzi mzima.

Chumbani fungua ndoo ya njano kwa koleo, fungua kabati la mitungi, soma tarehe, nusa mipira ya kufyonzea.

Mwisho kaa na daftari na ufanye hesabu hii. Chukua risiti za kapsuli za miezi 12. Kapsuli ya ukubwa wa kwanza ina takriban miligramu 400 za aloi na zebaki inayokaribia uzito huo, jumla karibu gramu 0.8. Kliniki inayotumia 20 kwa wiki inakoroga gramu 16. Ikiwa robo tu inabaki bila kuingia jinoni, ni gramu 4 kwa wiki, karibu gramu 200 kwa mwaka, kabla hujahesabu ujazo wa zamani uliotobolewa. Pima mtungi wa kwanza kwenye mizani ya jikoni, ukiondoa uzito wa kapsuli tupu. Ukikuta gramu 30, gramu 170 zina mahali zilikokwenda, na daktari aeleze. Usidai zilingane hadi gramu ya mwisho, kwa sababu mkono wa kila daktari una matumizi yake. Tofauti kubwa hivyo haielezeki kwa mkono.

Notisi iandikwe palepale, kila kosa na tarehe yake ya marekebisho. Makosa yanayohitaji kuachwa tu (kusuuza kichujio sinkini, Jik kwenye mipira, kapsuli kwenye njano) yapewe siku hiyohiyo, kwa sababu hayahitaji fedha. Kitenganishi kipewe muda wa kuagiza.

Sheria ndogo ya halmashauri

Kuomba kwa hiari hakufiki mbali. Kaunti ya King, jimbo la Washington nchini Marekani, ilipo Seattle, iliwashawishi madaktari wa meno kwa miaka kadhaa katika muongo wa 1990, na waliofunga vitenganishi walikuwa wachache mno. Mwaka 2001 ikafanya kuwa lazima, na ndani ya muda mfupi kliniki nyingi zikawa navyo. Serikali kuu ya Marekani ilifuata baadaye sana: kanuni ya nchi nzima ilitoka 2017 na kliniki zilizokuwapo zikapewa hadi 14 Julai 2020.

Rasimu ya sheria ndogo haihitaji kurasa nyingi. Iwe na haya: kila kliniki ijaze fomu moja ya tamko ndani ya siku 90, ikisema inajaza au kutoboa amalgamu au la, inayofanya hivyo ifunge kitenganishi cha ISO 11143, dawa za mipira ziwe pH 6 hadi 8 zisizooksidisha, mabaki yasimwagwe wala kuchomwa, kumbukumbu zitunzwe miaka 3, faini itajwe kwa kiasi. Hati ya mwisho ya kukabidhi taka iwe sharti la kuhuisha leseni.

Tenganisha makundi. Vituo vingi vya wilayani vinang'oa tu. Kukilazimisha kituo kinachong'oa kufunga kitenganishi ni kukiongezea gharama bila faida kubwa. Kwake inatosha mtungi wa meno yenye amalgamu, kichujio, na marufuku ya njano. Usivisahau vituo vya halmashauri yenyewe. Sheria ndogo inayoibana kliniki binafsi huku hospitali ya wilaya ikimwaga itapingwa na madiwani, na watakuwa sahihi.

Njia yake ni ya kawaida: idara ya afya na mazingira inaandaa, mwanasheria wa halmashauri anaandika, wananchi wanatangaziwa na kutoa maoni, Baraza la Madiwani linapitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaidhinisha, inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Kabla ya hapo hakuna faini ya kutoza, mwenye kliniki anaijua hoja hiyo.

Kwa Kenya, Katiba ya 2010 iliziachia kaunti huduma za afya na uzoaji taka, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ndiyo inayotoa leseni za usafirishaji, basi kazi hii ni ya afisa wa afya wa kaunti. Zanzibar ina mamlaka yake ya mazingira, ZEMA.

Kuzitoa taka kliniki

Hakuna mkusanyaji atakayefunga safari kwa gramu 300. Hapa halmashauri inaweza kufanya kitu ambacho kliniki moja haiwezi: kupanga siku moja kwa mwaka, gari moja, kliniki zote. Afisa mazingira anakusanya orodha yenye uzito wa kila mtungi, anatafuta mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC na kukisoma kibali chenyewe: aina ya taka inayoruhusiwa, tarehe ya mwisho, namba ya gari. Kibali cha taka za hospitali peke yake hakitoshi kwa zebaki. Gari lipite kliniki hadi kliniki siku hiyohiyo. Kurundika mitungi ya wilaya nzima kwenye stoo ya hospitali ni kuhifadhi taka hatarishi, nako kuna kibali chake.

Kila kliniki ibaki na nakala ya hati ya kusafirishia yenye uzito, tarehe, saini ya aliyetoa, aliyebeba na aliyepokea. Nakala isiyo na saini ya mpokeaji ni nusu hati, ifuatilie. Uliza pia mwisho wa safari ni wapi. Zebaki ikipelekwa nje ya nchi kwa usafishaji, inafuata Mkataba wa Basel, unaosimamia usafirishaji wa taka hatarishi kati ya nchi, na ridhaa ya maandishi ya nchi inayopokea, na NEMC inapaswa kuwa na faili lake.

Kliniki ikihama au kufungwa

Zebaki ya miaka ya nyuma inakaa kwenye kona ya bomba chini ya sinki na beseni, ikiwa tope zito la kijivu. Fundi anayekuja kung'oa mabomba hulimwaga nje bila kujua. Mpe ndoo pana na glavu, afungue kila kona ya bomba juu ya ndoo, na tope lote liingie kwenye mtungi wa pili pamoja na vipande vya bomba vyenye utando. Kitenganishi kifungwe midomo yote kwa vizibo kabla ya kuinuliwa. Mwenye nyumba asipewe funguo, wala leseni isifutwe kwenye daftari la halmashauri, kabla afisa hajaiona hati ya kukabidhi ikiwa na saini tatu.